Mbio za Sakafuni na Diski ya Chama

Wahenga walinena kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Sidhani walikuwa wakifikiria diski za kompyuta, lakini methali hiyo ilinijia akilini mara nyingi mwaka wa 2025, pale Chama chetu cha Kiswahili kilipoamua kununua diski ya kubebeka ya kuhifadhia na kuhariria filamu yetu, nami katibu nikatwikwa mzigo wa kuchunguza ni ipi inayotufaa. Mpenzi msomaji, usigeuze ukurasa ukidhani kwamba haya ni ya wale wa somo la tarakilishi tu. (Najua nyote mnasema kompyuta. Mwalimu wetu wa lugha anataka tarakilishi, msimamizi wa maabara anataka kompyuta, nami sitaki kugombana na yeyote kabla ya mtihani.) Ikiwa umewahi kupiga picha za arusi, kurekodi shairi kwa simu au kuhariri video ya kwaya, basi iko siku utasimama mbele ya kabati la kioo dukani na kuulizwa, "Unataka ya mbio ngapi?" Jibu la swali hilo si rahisi kama linavyosikika.

Niseme kwanza habari za filamu yenyewe, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini tulikesha tukibishana juu ya kitu kisichozidi ukubwa wa kipande cha sabuni. Likizo ya Aprili mwaka huo, wanachama kumi na wawili tulitembea vijiji vinavyoizunguka shule tukiwarekodi wazee wakisimulia njaa ya mwaka wa 1984. Hapa kwetu Ukambani njaa ile ina jina lake, Nikw'a Ngwete, yaani ninakufa nikiwa nimeshika. Watu walikuwa na pesa mkononi, ila chakula cha kununua hakikuwapo. Wazee walitueleza mvua zilivyokosa, mifugo ilivyokwisha, na mahindi ya manjano yaliyotoka ng'ambo ambayo wengine waliyala huku wamekunja uso. Bibi mmoja alizungumza dakika arobaini bila kusita, akisimama mara moja tu kufukuza kuku waliokuwa wakidonoa waya wa maikrofoni. Mwezi wa Mei tukapata habari kwamba ametuaga. Familia yake ilikuwa na picha zake mbili, na sauti yake hawakuwa nayo popote. Wakatuma mjukuu shuleni kuuliza, "Ile video ya shosho bado mnayo?"

Tulikuwa nayo. Ilikuwa ndani ya memori kadi mbili za kamera ya kuazimwa, ambayo mwenyewe alikuwa ameanza kuidai, na ndani ya kipakatalishi cha mwalimu mlezi kilichojaa pomoni hata kikawa kinalalamika kila kikiwashwa. Diski ya zamani ya chama ilikuwa imeanguka kutoka mezani mwaka wa 2024, ikaanza kutoa mlio wa tik-tik-tik kama saa ya ukutani, na tamthilia yetu ya mwaka huo ikaenda nayo. Kwa hivyo mnaona wenyewe.

Mkutano wa kununua ulikuwa moto. Mwenyekiti alikuja na karatasi aliyochapisha.

"Mwalimu, si tununue tu ile ya mbio? Hii imeandikwa 2000. Ile ingine ni 1000. Elfu mbili ni mara mbili ya elfu moja, hesabu hiyo haitaki kalamu."

"Na bei pia ni karibu mara mbili," mweka hazina akadakia. "Wee! Hizo ni pesa za maandazi tuliyouza muhula mzima, mikono ikachomeka na mafuta."

Hazina yetu ilikuwa na shilingi 22,000. Diski ya mbio kubwa, yenye nafasi ya terabaiti moja, ilikuwa shilingi 19,500. Ya wastani, nafasi ile ile, shilingi 11,000. Mwalimu mlezi alitusikiliza, akavua miwani, akasema, "Katibu atachunguza, atuletee ripoti wiki ijayo. Na isiwe ya kutupigia domo." Ndiyo hiyo ripoti, kwa maneno mengi zaidi, mnayoisoma hapa.

Nilianzia kwa msimamizi wa maabara ya kompyuta, mtu asiyependa maneno mengi. Alinifungulia ile diski yetu iliyokufa kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na sahani inayong'aa kama kioo, na mkono mwembamba juu yake kama sindano ya santuri ya babu. Sahani hiyo huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na mkono huelea juu yake bila kuigusa, kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Sasa fikiria kitu kama hicho kikianguka kutoka mezani huku kinazunguka. Diski ya SSD haina sahani wala mkono. Ina vipande vya silikoni tu, na data huwekwa kwa kunasa chaji za umeme ndani ya vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Teknolojia hiyo, iitwayo flashi, ilibuniwa na Mjapani Fujio Masuoka alipokuwa katika kampuni ya Toshiba, aliitangaza mwaka wa 1984 (mwaka ule ule wa njaa yetu, sadfa iliyoje!) na aina yake inayotumika katika diski za leo, NAND, ikatangazwa mwaka wa 1987. Kwa sisi tunaobeba vifaa kwa bodaboda kwenye barabara za makorongo, kukosa kitu kinachozunguka ni sababu tosha ya kulipa zaidi, hata kabla hujauliza habari za mbio.

Nikamwuliza habari za mbio. Akaniambia, "Usiniulize diski ina mbio gani. Niulize unatoa data wapi na unaipeleka wapi." Nilidhani ananifukuza kwa adabu. Kumbe alikuwa amenipa ripoti nzima kwa sentensi moja.

Tazama, data ikitoka kwenye kadi ya kamera hadi kwenye diski hupitia vituo kadhaa: kadi yenyewe, tundu la kompyuta inakochomekwa, kebo, tundu la pili, kisha diski. Ni kama kujaza pipa kwa mfereji. Hata pipa liwe na mdomo mpana kama kisima, mfereji ukitoa maji kwa kudondoka, utangoja hadi usiku. Kituo kilicho polepole kuliko vingine ndicho kinachoamua mwendo wa wote.

Hapo nikaingia kwenye msitu wa USB, na ndugu zangu, msitu huo una miiba. USB 2.0 ya mwaka wa 2000 hubeba megabiti 480 kwa sekunde. USB 3.0 ilitoka 2008 na gigabiti 5. Ya gigabiti 10 ikaja 2013, ya 20 mwaka wa 2017, na USB4 ya hadi 40 mwaka wa 2019. Hadi hapo ni sawa. Lakini wenyewe waliotunga majina waliona raha kuyabadilisha: ile USB 3.0 wakaiita USB 3.1 Gen 1, baadaye wakaiita USB 3.2 Gen 1, na mwendo wake haukusogea hata hatua moja. Ni kama mwanafunzi wa kidato cha pili kubandikwa jina la kidato cha nne bila kufanya mtihani. Kwa hivyo ukiona diski imeandikwa "USB 3.2" kwa maandishi makubwa, usishangilie. Tafuta gigabiti ni ngapi: 5, 10 au 20. Hiyo ndiyo namba isiyobadilishwa jina.

Tena kuna mtego wa biti na baiti. Matundu hupimwa kwa biti, diski kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Gigabiti 5 ukizigawa kwa 8 unapata megabaiti 625, na ukiondoa zile zinazoliwa njiani na kazi ya kupanga na kukagua data, zinabaki takriban 450 kwa sekunde. Tundu la gigabiti 10 hutoa kama 1,000. La gigabiti 20 kama 2,000. La zamani, USB 2.0, hutoa 35 au 40 tu, hata ukilichomeka ndege. Ndiyo maana Samsung T7 ya mwaka wa 2020, iliyotengenezewa gigabiti 10, imeandikwa megabaiti 1,050 za kusoma, na T9 ya mwaka wa 2023, ya gigabiti 20, imeandikwa 2,000. Namba hizo si za uongo. Ni kwamba zinategemea umechomeka wapi.

Basi nikachukua daftari nikazunguka maabara yetu nikichungulia matundu. Kompyuta za wanafunzi zina matundu mawili meusi mbele, hayo ni USB 2.0, na mawili ya buluu nyuma, hayo ni ya gigabiti 5. (Rangi ya buluu hutumiwa na watengenezaji wengi kwa tundu la aina hiyo, ingawa si amri.) Kipakatalishi cha mwalimu, ambacho ndicho tunachohariria, kina la gigabiti 5 pia. Shule nzima sikupata tundu hata moja la gigabiti 20, na nilifika hadi ofisi ya mhasibu, ambaye hakufurahi kuniona chini ya meza yake. Ile diski ya 2000 ingefanya kazi kwetu, hapana shaka, ila ingetembea kwa 450 kama jirani yake wa bei nafuu. Ni sawa na kununua gari la mashindano la Safari Rally ili uliendeshe ndani ya uwanja wa gwaride.

Sasa hesabu niliyowaonyesha wenzangu ubaoni. Kamera tuliyoazima hurekodi picha za 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde. Hiyo ni megabaiti 12.5 kwa sekunde, megabaiti 750 kwa dakika, gigabaiti 45 kwa saa. Tulikuwa na saa mbili, yaani gigabaiti 90. Kuzinakili gigabaiti 90 kupitia tundu jeusi la mbele ni kama dakika 43. Kwa diski ya sahani, kama dakika 14. Kwa SSD kwenye tundu la buluu, dakika tatu na sekunde ishirini. Kwa SSD ya gigabiti 10 kwenye tundu lake, dakika moja na nusu. Kwa ile ya 2000, kwenye tundu ambalo hatuna, sekunde 45.

Mtaona kwamba kutoka dakika 43 hadi dakika tatu ni mageuzi. Kutoka dakika moja na nusu hadi sekunde 45 ni muda wa kufunga kamba za viatu. Na bado sijasema lililomnyamazisha mwenyekiti: kadi yetu ya kamera yenyewe husoma kwa takriban megabaiti 90 kwa sekunde. Ukinakili moja kwa moja kutoka kwenye kadi, dakika ni kumi na saba, uwe na SSD ya mfalme au ya mwananchi.

"Kwa hivyo SSD haina maana?" mweka hazina akauliza, macho yakiwa tayari yameshaanza kuhesabu pesa zinazobaki.

Ina maana sana, na hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa sababu faida yenyewe haijaandikwa kwenye boksi. Mnapohariri filamu hamsomi faili moja kutoka mwanzo hadi mwisho kama mtu anayesoma gazeti. Mnarukaruka. Unachukua sekunde nne za bibi, sekunde sita za ghala tupu, unarudi kwa sauti ya bibi, unaweka picha ya ng'ombe. Programu nayo inachora vijipicha vya kila kipande na mawimbi ya sauti. Diski ya sahani, kila inaporuka, lazima mkono usogee na sahani izunguke hadi mahali panapotakiwa, takriban sehemu moja ya mia ya sekunde kila mara. Unaweza kusema ni kidogo, lakini zidisha kwa maelfu. SSD hutumia kama sehemu moja ya elfu kumi. Kamera tatu kwa pamoja, za aina ile, hazihitaji hata megabaiti 40 kwa sekunde. Diski ya sahani ingezimudu zikija kwa mstari ulionyooka. Kinachoiua ni kurukaruka. Tulipohariri ile tamthilia ya 2024 kwenye diski ya zamani, kila ulipobonyeza kucheza, picha iliganda mpaka tukawa tunakwenda kunywa maji. Kwa SSD, hata ile ya polepole kabisa, unabonyeza na bibi anazungumza. Kwa kazi ya ubunifu hilo ndilo jambo, kwani mtu akingoja sana anasahau alichotaka kujaribu.

Sikatai kwamba wapo wanaohitaji zile mbio kubwa. Anayerekodi kwa mtindo wa ProRes 422 HQ katika 4K hupata takriban megabiti 880 kwa sekunde, karibu mara tisa ya kamera yetu, na akiwa na kamera tatu za namna hiyo, tundu la buluu litaanza kumlemea. Mtu huyo akiwa na kompyuta yenye tundu linalofaa, na anunue. Sisi ni chama cha kuuza maandazi.

Kulikuwa na jambo moja zaidi la kujihadhari nalo, na hili ndilo lililonichukua siku nyingi. Vile vijumba vya kunasia chaji si vyote sawa. Kuna diski ambazo kila kijumba hubeba biti tatu, huitwa TLC, na nyingine hubeba nne, huitwa QLC. Biti tatu zinahitaji viwango vinane vya chaji, nne zinahitaji kumi na sita. Chukua kikombe ukichore alama kumi na sita, kisha ujaribu kumimina maziwa yafike hasa kwenye alama ya kumi na moja, utamimina polepole. Ili kuficha upole huo, diski hutenga sehemu ya vijumba na kuvitumia kwa biti moja moja, kama sebule ya kupokelea wageni haraka kabla ya kuwapangia vyumba. Wageni wakiwa wachache, mambo safi. Wakija basi zima, sebule inajaa, na wanaobaki wanasimama nje. Kwenye QLC za bei ya chini mwendo huo wa nje unaweza kushuka chini ya megabaiti 100 kwa sekunde, polepole kuliko diski ya sahani. Kwa mtu wa kunakili insha na picha mbili tatu, hataiona shida hiyo maishani. Kwa anayemwaga gigabaiti 90 kwa mkupuo, ataiona. Hivyo swali la kuuliza dukani si "ina mbio ngapi" bali "ikiandikwa mfululizo hadi ijae, inabaki na mbio ngapi, na ni TLC au QLC?"

Tulipofika Luthuli Avenue, Nairobi, Jumamosi moja ya Juni, mimi, mweka hazina na mwalimu mlezi, swali hilo lilituchuja wauzaji wengi. Wa kwanza alicheka. Wa pili alisema, "Dada, zote ni original," jibu la swali ambalo sikuwa nimeuliza. Wa tatu alitaka kutuuzia diski ya terabaiti 16 kwa shilingi 2,500, ikiwa na rangi ya dhahabu. Mweka hazina macho yalimtoka. Nilimvuta mkono. Vitu hivyo mara nyingi huwa na memori kadi ndogo iliyofichwa ndani ya kasha, na programu yake imechezewa ili ijitangaze kuwa kubwa. Itapokea faili zako zote kwa furaha, na ikishajaa kile kidogo ilicho nacho, inaandika vipya juu ya vya zamani, wala haisemi neno. Unakuja kugundua siku unapotaka kufungua. Fikiria bibi yetu ndani ya kitu kama hicho.

Wa nne alikuwa mama wa makamo mwenye leso kichwani. Alinisikiliza hadi mwisho, akafungua karatasi za watengenezaji kwenye simu yake, akatuonyesha. "Hii ni TLC, mwanangu. Gigabiti 10. Mvua na vumbi haina neno nayo, imeandikwa IP65." Namba hiyo ya kwanza, 6, ni kwamba vumbi halipenyi; ya pili, 5, ni kwamba inastahimili maji ya kurushwa, si ya kuzamishwa. Kwa vumbi la kwetu la mwezi wa Septemba, mimi ningeilipia hiyo 6 peke yake. Mwalimu akaongea naye kwa upole wa kikwetu, nao wakakubaliana shilingi 21,500 kwa diski mbili, na siku saba za kurudisha zikipatikana na kasoro.

Ndiyo, mbili. Hilo ndilo pendekezo nililoandika kwenye ripoti: kwa pesa karibu sawa na za diski moja ya 2000, tupate mbili za 1000. Mwenyekiti alipinga hadi dakika ya mwisho, na hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Alisema kompyuta za shule zitabadilishwa siku moja, na diski ya mbio ingezingoja. Nilimjibu kwamba hata hizi za gigabiti 10 zinazingoja, kwa kuwa leo zinatembea nusu ya uwezo wao. Lakini sababu yangu kubwa ilikuwa nyingine. Diski ya sahani ikitaka kufa, aghalabu hukohoa kwanza. Hutoa milio, huchelewa, unapata siku mbili tatu za kuokoa chako. SSD inaweza kuzima ghafla kama taa, na kurejesha data kutoka humo ni kazi ngumu na ghali. Hakuna mbio zinazosaidia diski ikiwa moja na imekufa.

Usiku ule ule tulizichomeka. Mweka hazina nusura apige mayowe. "Tumeibiwa! Hii inasema 931!" Alikuwa tayari kurudi Nairobi na basi la alfajiri kuzidai gigabaiti 69 zetu. Ilibidi msimamizi wa maabara amtulize: mtengenezaji huhesabu kilo kuwa 1,000, Windows huhesabu kuwa 1,024, na terabaiti ile ile moja ikapewa namba mbili. Hakuna kilichoibwa.

Kisha tukazijaribu kwa programu ya bure iitwayo H2testw, ambayo hujaza diski nzima kwa data na kuisoma tena ikilinganisha neno kwa neno. (Wa Linux na Mac hutumia F3.) Kwenye tundu la buluu kila diski ilichukua kama dakika 42 kujazwa na muda kama huo kusomwa, na mwendo haukuporomoka njiani. Huo ndio mtihani mmoja unaofichua yote mawili, ukubwa wa uongo na sebule iliyojaa. Usinunue diski bila kuufanya ndani ya siku za kurudisha.

Kuhusu kebo, nitasema kwa ufupi. Kebo iliyokuja na diski tumeifunga utepe mwekundu, kwa sababu kebo nyingi za kuchajia simu zina ncha zile zile za USB-C na zinaingia vizuri kabisa, lakini ndani yake ni USB 2.0. Mtu akiichomeka hiyo, zile dakika 43 zinarudi, na lawama zinaangukia diski.

Mpangilio wa ndani tuliuchagua exFAT, kwani Windows na Mac zote huusoma na kuuandika. NTFS ya Windows, Mac huisoma bila kuiandika. Ule wa zamani, FAT32, haupokei faili linalozidi gigabaiti 4, na hilo tuliligundua tulipomtengenezea yule mjukuu flashi. Masimulizi ya shosho yaliyohaririwa yalikuwa faili moja la gigabaiti 6 na flashi ikakataa katakata. Tukaipangilia upya kwa exFAT, tukaongeza na nakala nyepesi ya gigabaiti 2 ili hata simu iweze kuicheza. Dakika zote arobaini zimo, pamoja na kuku. Ubaya wa exFAT ni kwamba haina daftari la kumbukumbu la kurekebisha mambo ukiichomoa ghafla, kwa hivyo ukitoa diski bila kuiaga kompyuta kwanza, unaweza kukuta faili zimevurugika. Wale wa kidato cha pili wanaochomoa kama wanaong'oa mhogo wameonywa mara tatu sasa.

Tangu hapo kazi imekwenda. Diski ya kwanza, yenye herufi A, ndiyo ya kuhariria. Hukaa kwenye droo ya mwalimu mlezi, na huandikwa daftarini kila inapotoka na kila inaporudi, jina na saa. Haiachwi kwenye jua la dirishani, maana SSD ikipata joto jingi hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Kila Ijumaa saa kumi, aliye zamu hunakili kazi ya wiki kutoka A kwenda B. Tukibadilisha faili chache tu, inakwisha kabla hajamaliza kufagia chumba. Memori kadi zilirudishwa kwa mwenyewe siku ile tu tulipohakikisha kwamba A na B zote zinafungua kila faili, si kwa kutazama majina bali kwa kuzicheza.

B hukaa jengo jingine kabisa, ndani ya sefu ya mhasibu (yule yule wa chini ya meza, tumepatana), ili moto au mwizi akija upande mmoja asizikute zote. Na kwa kuwa chaji zilizonaswa huvuja polepole diski ikikaa miaka bila umeme, haiachwi humo isahaulike hata likizo ndefu ikija. Mwanzo wa kila muhula hutolewa, ikachomekwa tundu la buluu, na mtu mmoja wa kidato cha pili huketi kuzicheza faili moja baada ya nyingine huku akitia alama kwenye orodha. Muhula wa tatu ilikuwa zamu ya msichana mmoja mgeni. Zilikuwa faili 212. Zote zilifunguka.